Miguu ya mama inawaka moto: si kila ganzi ya mgonjwa wa kisukari ni ya sukari

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, tunakaa Mbagala. Ana kisukari mwaka wa 12 sasa, anakunywa metformini gramu moja asubuhi na gramu moja jioni. Kwa ajili ya vidonda vya tumbo anakunywa pia omeprazoli kila siku, huu mwaka wa nne au wa tano, tunanunua tu duka la dawa. Tangu aambiwe ana sukari aliacha nyama, samaki, mayai na maziwa, anakula ugali wa dona, mboga za majani na maharage. Mwaka jana nyayo zilianza kuwaka moto usiku, analala miguu iko nje ya shuka, na siku hizi imekuwa ganzi. Juzi ameshuka kwenye bajaji na ndala moja, nyingine imebaki ndani na hakujua. Ulimi unamuuma hata akila pilipili kidogo. Damu walipima ikawa 9.6, akapewa foliki asidi, na majirani wanamletea juisi ya matembele na bitiruti. Kliniki wamesema sukari imeshaharibu mishipa ya fahamu, cha kufanya ni kushusha sukari tu. Dada yangu anasema metformini ndiyo inayommaliza, aiache atumie unga wa mlonge. Jirani anasema achomwe sindano za neva. Tumsikilize nani?"

Marahaba. Nianze kwa kukusahihisha kidogo: mimi si daktari, ni mtaalamu wa lishe tiba kwenye kliniki ya kisukari hapa Dar. Kwetu kila aliyevaa koti jeupe huitwa daktari, nimeshazoea. Lakini hapa tofauti hiyo ina maana, kwa sababu dawa za mama ataziandika au kuzibadilisha daktari wake. Mimi naweza kukueleza nini huenda kimepungua mwilini mwake, kimepotelea wapi, na kinarudishwaje.

Mnaogopa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba miguu imekwisha na hakuna la kufanya. La pili, kwamba dawa mnayompa kila siku kwa mikono yenu ndiyo inayomdhuru. La kwanza hamjafika huko, maana kuna kipimo hakijafanyika. La pili lina chembe ya ukweli, ila dada yako amelichukua akalipeleka mahali pabaya.

Kipimo chenyewe ni cha vitamini B12. Soma upya ulichoniandikia: metformini gramu mbili kwa siku kwa miaka 12, omeprazoli kila siku kwa miaka minne, hagusi chochote kilichotoka kwa mnyama, damu imeshuka, ulimi unauma, na ganzi inazidi. Siwezi kusema ugonjwa ndio huo kwa kusoma maandishi. Ila mtu mwenye haya yote akipita mbele yangu nikamwachia aende bila kupimwa B12, nitakuwa nimekosea. Nalijua kosa hilo kwa sababu nimewahi kulifanya.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na mgonjwa fundi cherehani. Kila akija kliniki analalamika vidole vinamsumbua, hawezi kutunga uzi. Nikafikiri macho. Sukari huharibu macho, na umri nao umo, nikamshauri akapime miwani. Akarudi na miwani mpya, akaniambia, "Sindano naiona. Siisikii." Akaitoa kwenye ukosi wa shati alikoichomeka, akaibana kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho. Sindano ikadondoka sakafuni. Yeye bado amevibana vidole, anaendelea kuongea, anadhani anayo. B12 yake ilipopimwa ilikuwa chini sana.

Kilichopaswa kunishtua ni kwamba ganzi yake iliwahi mikononi. Ganzi ya sukari kwa kawaida huanzia vidole vya miguu na kupanda polepole, na mara nyingi hufika mikononi wakati miguuni imeshakaribia magoti. Mikono ikiwahi, tafuta sababu nyingine. Upungufu wa B12 pia hupenda kuharibu ile hisia inayomwambia mtu mguu wake uko wapi bila kuutazama. Mchunguze mama: akisimama kunawa uso huku amefumba macho, anayumba? Akiamka usiku umeme umekatika, anashika ukuta? Mchana macho hufanya kazi ya miguu, gizani hakuna wa kuifanya. Ila usitegemee kumtambua kwa kumtazama tu, kwa sababu magonjwa haya mawili yanafanana mno na yanaweza kukaa kwa mtu mmoja. Ndiyo maana kliniki hawakusema uongo waliposema ni sukari. Waliishia njiani tu.

Sasa B12 hupoteaje? Vitamini hii ina safari ndefu kuliko nyingine zote, kama abiria wa Mbagala anayekwenda Bagamoyo, kubadilisha gari kila kituo. Kwenye chakula huwa imeshikamana na protini. Kituo cha kwanza ni tumbo, ambapo asidi huibandua. Omeprazoli kazi yake ni kupunguza asidi, kwa hiyo mama akila kipande cha samaki, sehemu ya B12 inabaki imeng'ang'ania pale pale. Ile inayobanduka hubebwa na protini ya mate hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, vimeng'enya vya kongosho vikaishusha, ikapokelewa na protini nyingine iliyotengenezwa na ukuta wa tumbo. Hiyo ndiyo tiketi yake. Bila tiketi hiyo haishuki popote. Wawili hawa husafiri hadi mwisho kabisa wa utumbo mwembamba, na hapo tu ndipo penye mlango wa kuingilia mwilini. Mlango huo unahitaji kalsiamu ili ufunguke, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba metformini huvuruga kazi hiyo ya kalsiamu. Mama anabanwa mwanzo wa safari na omeprazoli, anabanwa mwisho na metformini, na abiria wenyewe hawapo, maana hali vyakula vyenye B12.

Utauliza, mbona imechukua miaka 12? Kwa sababu ini ni mtunzaji mzuri. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu za B12 kwa siku, na mwili wenye afya huwa na akiba ya miligramu 2 hadi 5, nyingi ikiwa kwenye ini. Miligramu moja ni mikrogramu elfu moja, piga hesabu. Akiba hiyo huliwa kimyakimya kwa miaka, na siku inapokwisha hakuna mtu anayekumbuka kuihusisha na kidonge kilichoanza zamani.

Ikishakwisha, sehemu mbili huumia. Moja ni uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa. Seli haziwezi kugawanyika vizuri, zinatoka chache na kubwa kupita kiasi, damu inashuka. Ya pili ni ala ya mafuta inayofunika nyuzi za fahamu, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Plastiki ikichubuka, waya hupiga shoti: ndiyo moto wa nyayo usiku. Ikizidi kuliwa, waya hunyamaza: ndiyo ndala iliyobaki kwenye bajaji.

Hapa ndipo penye jambo lililonifanya nikujibu kwa urefu, nalo ni ile foliki asidi. Kwenye uboho, foliki na B12 hufanya kazi kwa kushirikiana. Ukimwaga foliki nyingi, uboho hupata njia ya pembeni na kuendelea kutengeneza damu hata kama B12 haipo. Damu itapanda kutoka 9.6 kwenda 11, mtafurahi, majirani watasifu matembele yao. Kwenye mishipa ya fahamu hakuna njia ya pembeni. Uharibifu unaendelea, na kengele pekee iliyokuwa ikilia, yaani damu kushuka, mmeizima wenyewe. Sisemi foliki ni sumu, wajawazito wanaihitaji sana. Nasema isitolewe peke yake kwa mtu mwenye ganzi kabla B12 haijapimwa. Mwulizeni daktari wiki hii, msisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Na kipimo kifanyike kabla ya sindano yoyote. Hili watu wengi hulikosea: mtu anachomwa duka la dawa Jumatatu, Alhamisi anapimwa, majibu yanakuja juu sana, anaambiwa hana tatizo. Kilichopimwa ni sindano. B12 haipimwi zahanati, mtahitaji hospitali kubwa au maabara binafsi, kwa hiyo ulizeni kwanza bei na kama bima yenu inagharamia. Majibu yakiwa chini ya pikogramu 200 kwa mililita, ambazo maabara nyingine huandika kama pikomoli 148 kwa lita, huo ni upungufu. Kati ya 200 na 300 ni ukungu, na mtu mwenye dalili kama za mama akiangukia hapo, madaktari wengi humtibu badala ya kubishana na namba. Pamoja na hicho aombe kipimo kamili cha damu na cha madini ya chuma. Upungufu wa B12 peke yake hukuza seli za damu, wa chuma huzifanya ndogo, na mtu akiwa na vyote viwili wastani hutoka wa kawaida, karatasi ikaonekana safi wakati mgonjwa si salama. Figo na tezi ya shingo pia ziangaliwe, kwa kuwa nazo huleta ganzi.

Ikithibitika, matibabu si magumu. Kwa kuwa dalili zimeshafika kwenye neva, kinachopendelewa ni sindano ya msuli ya haidroksokobalamini au sianokobalamini, mikrogramu 1,000 kila moja. Mwongozo wa Uingereza kwa mgonjwa wa aina hii ni sindano siku moja baada ya nyingine mpaka nafuu isimame, kisha moja kila miezi miwili. Daktari wenu anaweza kupanga tofauti kidogo kulingana na dawa iliyopo. Vidonge vya mikrogramu 1,000 kwa siku navyo hufanya kazi kwa wengi, kwa sababu karibu asilimia moja ya B12 hupenya utumbo bila tiketi wala mlango, na asilimia moja ya elfu moja ni mikrogramu 10. Ningeviweka kuwa vya baadaye, neva zikishatulia. Damu hurudi ndani ya wiki nane hivi. Neva huchukua miezi, mwaka hata, na zile zilizoachwa muda mrefu huenda zisirudi zote. Fundi wangu alirudi kwenye cherehani, lakini vifungo hadi leo anashonewa na mwanafunzi wake.

Sindano za neva za jirani yenu ni habari nyingine. Nyingi ni mchanganyiko wa B1, B6 na B12, na vidonge vyake viko hivyo hivyo. B12 iliyomo inaweza kumsaidia mama, lakini B6 huwa nyingi mno. Watu wanadhani vitamini haizidi, ziada itatoka na mkojo. B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu yenyewe, na dalili zake ni ganzi na kuchomachoma, yaani kile kile kilichomfanya mtu aitumie. Wamarekani wameweka kikomo cha miligramu 100 kwa siku kwa mtu mzima, na mamlaka ya chakula ya Ulaya mwaka 2023 ikashusha hadi 12. Geuza boksi la vidonge vya neva usome: si ajabu kukuta miligramu 100 au 200 kwenye kidonge kimoja. Nimeona watu wanavinywa viwili kwa siku kwa miaka, kila ganzi ikizidi wanaongeza.

Kwa dada yako sasa. Ni kweli metformini hushusha B12. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza mwaka 2022 kwamba ni athari ya kawaida, inaweza kumpata hata mtu mmoja kati ya kumi, hasa mwenye dozi kubwa aliyetumia muda mrefu. Lakini tiba yake ni kurudisha B12, basi. Akiacha metformini leo sukari itapanda, na sukari iliyopanda nayo hula neva, macho na figo. Mtakuwa mmeongeza moto juu ya moto. Ninachoona kinastahili kuhojiwa ni omeprazoli. Nani aliiandika, kwa muda gani, na je, mama aliwahi kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo? Wakikutwa wanatibiwa kwa wiki mbili, na huenda asihitaji tena kidonge cha kila siku. Asiikate ghafla lakini, asidi hurudi kwa kishindo na kiungulia kikamfanya aikimbilie upya. Daktari ataipunguza taratibu.

Mlonge, matembele, mchicha, kisamvu: vyote vizuri, endeleeni navyo. Ila mmea hauna haja na B12 na hauitengenezi. Duniani wanaoitengeneza ni bakteria tu. Ng'ombe anayo kwa sababu bakteria wamo tumboni mwake, wakipata madini ya kobalti kwenye majani wanaitengeneza, inaingia kwenye nyama na maziwa. Hata ukikausha mlonge wa Pwani nzima ukausaga, B12 haitapatikana. Bitiruti nayo imependwa kwa rangi. Wekundu wake hauna uhusiano na damu, na glasi ya juisi asubuhi kwa mgonjwa wa kisukari ni sukari iliyochujwa.

Lililonisikitisha zaidi kwenye barua yako ni samaki. Nyama nyekundu naelewa ilikotoka, kuna wagonjwa wanaoambiwa wapunguze. Lakini nani aliwaambia mgonjwa wa kisukari asile samaki? Yai? Wanaoishi jiji moja na soko la samaki la Feri wanakula maharage siku saba. Mpikieni mama dagaa, mara tatu au nne kwa wiki, wakaangwe kwa mafuta kidogo na nyanya. Yai moja lina karibu nusu mikrogramu ya B12, kikombe cha maziwa karibu moja. Kama maziwa humjazia gesi ajaribu ya mgando yasiyo na sukari, wengi huyavumilia. Kipande cha maini cha gramu 100 kina zaidi ya mikrogramu 60, na kipande kidogo mara moja kwa wiki kinatosha. Dona ya mashine ya mtaani ni nzuri kwa nyuzinyuzi, ila unga wa kiwandani wenye alama ya virutubishi ndio ulioongezwa chuma, zinki, foliki na B12, kwa hiyo mnaweza kubadilishana. Ieleweke tu kwamba chakula hiki ni cha kulinda akiba. Hakitajaza ghala lililokwisha wakati mlango wenyewe ni mbovu. Sindano kwanza.

Kitu kimoja kwa wanaofuatilia karatasi za kliniki kwa karibu: upungufu wa B12 unaweza kuipandisha kwa uongo HbA1c, kile kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kwa sababu seli za damu zinazozunguka huwa za zamani zaidi. Baada ya sindano namba inaweza kushuka bila mama kubadilisha chochote. Daktari akumbushwe hilo kabla ya kuongeza au kupunguza dawa.

Kuna mambo hayasubiri majibu ya maabara. Kidonda chochote mguuni, hata cha ukubwa wa punje ya mtama na hata kama hakiumi, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kadhalika unyayo ukivimba na kuwa wa moto ukiushika, au kidole kubadilika rangi kuwa cheusi. Miguu ikilegea asiweze kunyanyuka kwenye kiti, mkojo ukianza kumtoka bila kujua, akichanganyikiwa, akihema kwa kutembea hatua chache au kubanwa kifua, hiyo ni hospitali moja kwa moja, usiku kwa usiku.

Ndala zitoke. Mnunulieni viatu vilivyofunikwa, vyenye mkanda wa nyuma, vya kumtosha vizuri bila kubana, na kila asubuhi mkung'ute ndani kabla hajavaa. Jiwe dogo mtu asiyesikia anaweza kulikanyaga kutwa nzima. Maji ya moto yenye chumvi, ambayo najua yatapendekezwa na mtu kama hayajapendekezwa tayari, hapana kabisa: ngozi isiyosikia joto huungua bila taarifa. Usiku kagua nyayo zake wewe mwenyewe, katikati ya vidole pia, kwa tochi ya simu.

Kliniki usiende na maneno ya kwamba walikosea. Sema hivi: "Mama ametumia metformini miaka 12 na omeprazoli miaka minne, hali vyakula vya wanyama, ana ganzi na damu imeshuka. Tunaomba apimwe B12 kabla ya kuendelea na foliki." Beba maboksi ya dawa zote, na za duka la dawa pia. Akianza sindano, tarehe ya kila moja iandikwe kwenye kadi yake, maana nesi wa zamu hubadilika, na ratiba ya siku moja baada ya nyingine hupotea upesi kuliko unavyodhani.